Kabla Sijaja Njukini

Sofia, Voi
17 Novemba 2024

Kwa dada yangu mpendwa Tryphena,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako Titus. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, wewe, shemeji Nicholas na Shanice wetu. Mahindi yanaendeleaje huko? Hapa Voi mvua imekuja mara mbili ikaondoka, kama mgeni aliyekosea nyumba. Mimi ni mzima, na neno hilo naliandika polepole, kwa sababu majuma machache yaliyopita nisingeliandika bila kudanganya.

Mwezi wa tisa ulinipigia simu ukaniomba nije Njukini Desemba, nimtasie Shanice kabla hajaolewa. Ulisema baba hayupo, Mama hayupo, na mjomba wa kumbariki mtoto ndiye mimi. Nilikubali haraka mno. Ulicheka ukasema hujawahi kunisikia nikikubali mwaliko bila kuuliza watu watakula nini. Simu zako zilizofuata sikuzishika. Najua umeudhika. Usidhani nimekataa, dada. Kuna jambo ambalo lazima ulijue kabla sijaja, na kwenye simu ningelikwepa, nikasema mtandao ni mbaya. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimemkabidhi dereva wa gari la Taveta.

Nianze na habari ya pombe, maana hiyo unaijua nusu. Unajua nilikuwa nakunywa. Hujui kwamba nilikuwa nakunywa kabla ya chai. Fundi wa nguo anahitaji mikono iliyotulia, na yangu haikutulia mpaka nipite kwa Kasiva, yule mama anayeuza nyuma ya soko. Nisipopita, uzi haukuingia kwenye sindano. Nilikuwa nawaomba wateja wanitungie, nikisingizia macho. Tangu Mama atuache mwaka jana, hata Jumapili sikupumzika.

Baada ya simu yako niliacha siku hiyo hiyo, kwa ujinga. Asubuhi yake jirani yangu, mzee Wesonga, yule Mluhya aliyestaafu kazi ya reli, alinikuta mlangoni nimelowa jasho na meno yanagongana. Aliuliza kama ni malaria. Nilipomwambia nimeacha pombe, alinigombeza. Alisema treni yenye mabehewa mengi haisimamishwi kwa kukanyaga breki mara moja, itaanguka na abiria wote, na abiria wa kwanza ni mimi. Akanipeleka hospitali amenishika mkono, kama anayepeleka mtoto kuchanjwa.

Muuguzi alinisikiliza bila kunicheka. Alisema mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi hafai kuacha ghafla akiwa peke yake, kwa sababu mwili unaweza kukakamaa na kuanguka kama wa mwenye kifafa, na wapo wanaokufa. Aliniambia nijiandae. Nichague wiki isiyo na kazi ya haraka, nipate mtu wa kukaa nami, nile vizuri, kisha nirudi kwake kuchukua vidonge vya kutuliza mwili ambavyo hupunguzwa kidogo kidogo, pamoja na sindano za vitamini. Mpaka wiki hiyo ifike nisikate, nipunguze tu. Dada, sijui nikueleze vipi aibu ya mtu mzima kuambiwa na muuguzi kwamba kwa sasa anywe kidogo.

Nikajiandaa. Nilimaliza sare za shule zilizokuwa zimelala kwangu, na gauni la mama mmoja wa kwaya ambaye alikuwa ameanza kunipitia bila kunisalimia. Halafu nilikwenda kumwomba Kasiva mwenyewe asiniuzie tena. Alicheka mpaka akashika mlango. Alisema kila Januari benchi lake hujaa mapadre, na kila Februari wote wameshavua kanzu. Wenzangu wakaanza kuniita Pasta. Mmoja akauliza kama nitawabatiza kwa soda, mwingine akaomba nimwombee mkewe apunguze mdomo. Nilicheka nao, kwa sababu ni watu wangu. Lakini Kasiva alinifuata nje, akaniambia kwa sauti ya chini nisipite tena njia ile hata kumsalimia, kwa kuwa yeye ana watoto wa kulisha na akiniona mlangoni atanimiminia. Nilimshukuru. Tangu hapo nazunguka kwa upande wa reli.

Wesonga alihamishia godoro lake chumbani kwangu. Dawa nilikuwa nazo, lakini mwili ulipigana. Nilitapika mpaka maji. Uji ulimwagika kifuani kabla haujafika mdomoni, ikabidi mzee aninyweshe yeye kwa kijiko, huku akilalamika kwamba hakuwahi kuwafanyia hivyo hata wanawe. Usingizi haukuja. Halafu nikaona siafu wanapanda ukutani, wengi sana, nikamwomba Wesonga alete majivu. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akasema siafu hao ni wa ukoo wenu Wadawida wa Taita, yeye hawaoni, kwa hiyo twende hospitali sasa hivi. Walinilaza. Nilikaa mpaka siafu wakaisha. Kila mchana Wesonga alileta ugali na sukuma, akiniamrisha nimalize.

Tangu nitoke sijaonja. Mikono imerudi, na uzi natunga mwenyewe. Hamu bado huja, hasa alasiri jua likigeukia upande wa kibanda changu. Muuguzi alisema hamu ni kama mtu anayebisha hodi, usipomfungulia atachoka. Basi hula ndizi, au huenda kumsumbua Wesonga, au hutembea mpaka stesheni nikarudi. Alhamisi tunakutana wachache pale hospitali, kila mmoja anasema yake. Huko ndiko nilikosema kwa mara ya kwanza hili ninalokuandikia sasa. Niliwaambia wageni kabla yako, unisamehe.

Unakumbuka Mama alivyokasirika ulipomchukua Shanice kumpeleka shule Taveta. Mtoto alikuwa amekaa naye mlimani tangu aachishwe ziwa, akimshika mkono Mama asiyeona kwenda kisimani na kanisani. Mama alisema umemng'oa macho. Miaka yote ile hakutaja jina lako, na wewe uliogopa kinyongo cha mzazi, kama sote tulivyofundwa kukiogopa, hata tukiwa watu wa kanisa. Alipougua mwaka jana aliniita nipande. Alisema hataki kuondoka na hasira. Alitaka kutasa.

Wewe unayajua mambo haya, lakini acha niyaseme wazi nisijifiche nyuma ya neno moja. Mwenye hasira huchukua funda la pombe yetu ya mbangara mdomoni, akairusha nje, na hasira hutoka nayo, kisha akatamka baraka. Hasira haibaki tumboni kwa sababu pombe haikubaki. Mama hakuwa na pumzi ya kurusha. Alisema yeye atatoa maneno, mimi niwe mdomo wake.

Siku ile sikuwa nimekunywa, kwa kumheshimu. Nilipanda nikitetemeka. Alikuwa ameketi mkekani mbele ya mlango, anaota jua. Alinishika mkono wa kushoto, akasema hana neno tena na Tryphena, apoe, nyumba yake ipoe, Shanice azae na wote wafike uzeeni. Nami nikachukua funda. Dada, nilimeza. Sikuamua kumeza. Lilipogusa ulimi koo lililichukua, na kabla sijajuta nilikuwa nimeinua kibuyu namalizia iliyobaki.

Mama aliniuliza kama nimetema. Nikasema ndiyo, Mama. Akanyoosha mkono, akapapasa udongo mbele yake, huku na huku. Ulikuwa mkavu. Vidole vile ndivyo vilivyokuwa vinachagua maharagwe mabovu bila macho. Alikung'uta vumbi vidoleni, kisha akasema jua la mwaka huu ni kali, hata ardhi ina kiu. Akaniomba nimrudishe ndani alale. Hakumaliza mwezi.

Mimi ndiye niliyekupigia nikakuambia Mama ametasa, hana kinyongo. Ulilia kwa furaha. Nilikusikia ukimwita shemeji kutoka shambani aje umwambie. Nikakata simu, nikaenda kwa Kasiva.

Sasa sijui hasira ya Mama iko wapi. Pengine ilitoka na maneno yake, kwa kuwa aliyasema kwa moyo wote na mimi nilikuwa mdomo tu. Pengine nimetembea nayo tumboni mwaka mzima. Pengine alijua, na ile habari ya ardhi kuwa na kiu alinisemea mimi. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote, maana kama alijua, basi alitusamehe wawili siku moja, na mimi nikaupokea msamaha huo kwa uongo.

Nisingeweza kusimama mbele ya Shanice na mdomo huu bila wewe kujua. Ukiona afadhali baba mdogo Danson ambariki, mwite, mimi nitakuja kuosha sufuria na sitanung'unika. Ukinipa ruhusa, naomba kwanza tupande wote mlimani, kwenye kaburi la Mama, niteme mbele ya macho yako yale niliyopaswa kutema. Nitatumia maji. Mbangara siigusi, hata kwa baraka. Kuhusu kunywa tena, siwezi kukuahidi miaka, muuguzi alinikataza ahadi kubwa. Naweza kusema leo sijanywa, na kesho nitaanza tena kutokunywa.

Shanice mwambie au usimwambie, wewe ndiye mama yake. Msalimie shemeji. Wesonga anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema kama maharagwe ya Njukini ni matamu kama ninavyojisifu, basi yeye naye ni mjomba. Jibu lako nitalipokea hata likiwa chungu. Na ukikaa kimya muda mrefu nitaelewa, maana nami nilikunyamazia.

Ila ukipiga magoti jioni na kuwataja watu wako mmoja mmoja, dada, usiliruke jina langu.

Ni mimi mdogo wako,
Titus Mwandoe