Siku Tuliyopima Mashabiki kwa Mizani ya Majani

Kambi ya Juu,
Kericho.
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwako Baba,

Nakusalimu sana, wewe na Mama na wote waliokaa hapo uani wakingoja Nekesa afungue bahasha. Najua barua zangu husomwa mkiwa wengi, hata majirani huja na viti vyao. Leo asifukuzwe mtu. Na wewe Nekesa dada yangu, soma kwa sauti, usiruke mahali hata ukiona aibu.

Mgongo unaendeleaje, Baba? Ile dawa ya kuchua niliyotuma kwa mkono wa Opiyo ilisaidia, ama bado unaamka ukishika ukuta? Mama naye, kifua kimemwachilia? Nilisikia mvua imekawia huko na mihogo imedumaa. Huku mvua haina haya, kila saa nane inashuka, na baridi ya asubuhi unaijua wewe mwenyewe kuliko mimi. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu naandika kabla mwezi haujaisha.

Kwanza utanicheka. Haya maneno yote yalianzia kwa katuni.

Unaikumbuka ile holi ya kambi, uliyoiacha ikiwa stoo ya mbolea. Siku hizi ina televisheni na mashine ya video, na Jumamosi moja kila mwezi afisa wa maslahi ya wafanyakazi huleta kaseti, tunaona bure. Mwezi mmoja akaleta katuni ya familia ya punda waliofukuzwa shambani, wakaenda kutafuta makao ng'ambo ya mlima. Mwezi uliofuata akaleta ya twiga anayeogopa kuangalia chini. Ni michoro tu, ya watoto, lakini wacha nikuambie, watu wazima walitoa leso. Mimi mwenyewe nililia pale mama punda alipobaki upande wa pili wa mto.

Basi kambi ikagawanyika. Kukawa na watu wa Punda na watu wa Twiga. Opiyo, yule rafiki yangu wa boila kule kiwandani, ndiye aliyekuwa mkubwa wa Punda. Kipkemoi dereva wa trekta, mwenyeji wa hapa hapa, akawa mkubwa wa Twiga. Walibishana kwa mfereji, wakabishana kwa kantini, hata kanisani wakati wa matangazo. Siku moja Opiyo alinunua mandazi yakafungwa kwa karatasi ya gazeti, na kwa hiyo karatasi imeandikwa kwamba hizo katuni mbili ziliingia kwa sinema za Amerika wakati mmoja, na moja ikavuta watu kuliko ile nyingine. Karatasi imeraruka pale pale penye jina la iliyoshinda! Baba, watu wazima walienda kwa mama wa mandazi kutafuta kile kipande kingine. Alikuwa amekiwashia moto.

"Ya Amerika tuwachie Waamerika," Kipkemoi akasema. "Tuangalie hapa kwetu. Siku ya Twiga holi ilijaa mpaka watu wakasimama kwa madirisha."

"Hao walikuwa wanakimbia mvua, bwana!" Opiyo akamrukia. "Siku hiyo hata ungewaonyesha ukuta mtupu wangeingia. Punda alijaza holi na jua likiwaka."

Tukajaribu kuhesabu mashabiki kwa kuinua mikono. Ikashindikana. Wengine waliinua pande zote mbili, na Opiyo akakataa katakata mtoto wa nasari kuhesabiwa sawa na mwanamume mwenye ndevu. Ndipo mtu mmoja akatoa wazo ambalo nadhani lingetoka tu kwa watu wa chai: tuwapime. Upande utakaokuwa na kilo nyingi ndio umeshinda. Si unajua huku hakuna anayeamini hesabu ya mwenzake, kinachoaminika ni mizani. Na ufunguo wa banda la mizani anao karani, na karani ni mimi.

Utauliza akili yangu ilikuwa wapi. Baba, tangu ule mwaka mbaya watu wa kutoka kwetu walipolala na viatu miguuni, wakingoja kuambiwa wakimbie, sijaona kambi hii ikigawanyika kwa jambo lolote isipokuwa kabila. Sasa naona Mkipsigis na Mjaluo wamesimama pamoja kwa Twiga, wanawatania Mkipsigis na Mluhya wa Punda, na wote wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nilifurahi sana. Nikasema moyoni, wacha nifungue, Jumapili moja haitaua mtu.

Tukafungua. Tukafunga wavu wa majani kwa ndoano, watu wakawa wanaketi mmoja mmoja wananing'inia, nami nasoma kilo kwa sauti kama siku ya kazi. Alikuwako mama mmoja mjane anaitwa Mama Chelangat, mchunaji wa siku nyingi, umri wake kama wa Mama. Alikuwa wa Twiga. Alipoinuliwa alishika kamba kwa mikono miwili akapiga yowe: "Uui! Sasa najua kwa nini huyo Twiga alikuwa anaogopa!" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nakumbuka kicheko hicho kila siku sasa, na kinaniuma.

Wingu likafunga. Ili tumalize haraka kabla ya mvua, watu wa Punda wakapandisha wawili kwa mpigo, Opiyo na mwenzake wa boila, wanaume wa kushiba. Mizani ikalia kaa! Mshale ukazunguka ukagonga mwisho, na walipoteremka haukurudi kwa sifuri, ulisimama kwenye sita. Watu wakaguna, wakacheka tena, wakaenda zao, na hakuna aliyeshinda. Mimi nikabaki peke yangu na bisibisi. Niliurudisha mshale kwa sifuri, nikapangusa kioo, nikafunga mlango. Nilijiambia imepona.

Haikupona. Jumatatu niliona tu wachunaji wananung'unika. Jumanne kiwanda kikaniletea habari kwamba majani yanayofika kwa trekta ni mengi kuliko yale niliyoandika. Meneja akanisifu! Akasema makarani wengine huandika kilo za hewa, lakini huyu kijana ni mwangalifu. Jioni nikachukua kifurushi cha unga wa kilo kumi, nikakitundika. Mshale ukasimama kwenye nane.

Baba, hapo ndipo nilipaswa kusema, na sikusema. Niliogopa. Ningeanzia wapi, kwamba nilining'iniza watu kwa mizani ya kampuni kwa sababu ya katuni? Ningefukuzwa mchana huo huo, na nyumba ningeihama kabla ya Jumamosi. Nikasema nitatafuta njia ya kuirekebisha polepole. Nilikaa wiki tatu nikitafuta hiyo njia, na kila asubuhi nikiwaibia watu kilo mbili kwa kila kumi walizochuna kwa mikono yao.

Siku ya tatu Mama Chelangat aliweka kikapu chini, akaangalia mshale, akaniangalia mimi. Akasema kwa upole tu, "Karani, hii mizani ni mgonjwa. Iangalie." Nyapara alikuwa karibu. Foleni yote ilikuwa inasikiliza. Na mimi mwanao nikamjibu, "Mama, mikono yako imezeeka, usisingizie mizani. Wacha uongo." Watu wengine wakacheka. Yeye alichukua kikapu chake akarudi kwa laini yake ya chai.

Wenye mikono ya haraka walivumilia ile hasara. Yeye, kwa umri wake, alikuwa akifikisha kilo za siku kwa kubahatisha hata mizani ikiwa nzima. Wiki mbili mfululizo akawa chini. Nyapara akaangalia kitabu changu, mwandiko wangu, akamwambia apumzike nyumbani. Unajua maana ya kuambiwa upumzike. Aliondoka na sufuria zake na godoro, na Chelangat binti yake akaacha shule ya hapa akiwa darasa la saba. Ijumaa hiyo nyumba ikapewa mtu mwingine.

Na sasa sikiliza lililo baya zaidi. Wiki iliyofuata fundi wa mizani akapita kwa kazi yake ya kawaida, akasema springi imechakaa, akatuletea mizani mpya. Hakuuliza kitu. Yaani nimepona kabisa, Baba. Nikinyamaza, hakuna atakayejua mpaka nife.

Jumapili iliyopita nilitembea hadi Boito, kwa kaka yake Mama Chelangat, ndiko alikokimbilia. Nilimkuta akichuna laini chache za huyo kaka, na kikapu ni kile kile. Alinikaribisha vizuri, akanipa mursik, maziwa yao ya kibuyuni, hata sikustahili kushika kile kibuyu. Nikamweleza yote nikiangalia chini.

"Nilijua," akasema. "Si nilikuwa hapo? Si hata mimi nilipanda?"

"Kwa nini basi hukumwambia nyapara?"

"Ningemwambia nyapara ungefukuzwa. Nilisema huyu ni mtoto wa watu, ametoka mbali, wacha nimwambie yeye mwenyewe. Nikakuambia. Wewe ukaniita mwongo."

Nilitaka kumpa kitu, nilikuwa nimebeba sukari na blanketi. Akasukuma mzigo ule kwa mguu, hakuwa na hasira, ni kama mtu anayesukuma jiwe njiani. Akasema, "Kazi wameshampa mwingine, sitarudishiwa. Blanketi ninalo. Neno uliniambia mbele ya watu. Rudi ulitoe pale pale, mbele ya watu wale wale. Ukishafanya hivyo tutasalimiana." Halafu akaendelea kuchuna. Nikaondoka.

Nilirudi nikiwa nimeamua. Jumatatu asubuhi nikasimama kwa banda, watu wamejaa, nikafungua mdomo, nikasema: "Haya, leteni majani." Jumanne vile vile. Jumatano nilimwona Kipkemoi akicheka na watu wa kwetu, nikajiambia nikisema nitaharibu huu urafiki, watasema karani Mluhya amemfukuzisha mama wa Kikipsigis. Pengine ni kweli watasema hivyo. Ama pengine natafuta tu pa kujificha. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, nikala chakula cha kampuni, nikanyamaza.

Kila siku nakuona wewe, Baba. Nakuona ulipokuwa unarudi likizo nikiwa mdogo, umepinda, unamsimulia Mama juu ya yule karani aliyekuwa anashikilia mizani kwa kidole chini, kikapu chako kisomeke kidogo. Ulikuwa ukimaliza unatema mate nje ya mlango. Uliuza ng'ombe nisome ili siku moja mwenye kalamu pale bandani awe mtu wetu. Basi ndiye mimi. Nimekuwa yule uliyekuwa ukimtemea mate, na wala sikuhitaji kidole.

Ndiyo maana nimekuandikia leo. Opiyo anasafiri mchana huu kuja huko kumzika shangazi yake, na atapita kwenu kesho jioni. Nimemwambia ahakikishe barua hii imefika mkononi mwa Nekesa. Wakati mnaisoma, asubuhi ya Jumatatu, saa ya mizani, itakuwa imeshapita. Ama nimesema, ama sijasema. Lakini ninyi nyote hapo uani mtakuwa mmejua, na majirani watakuwa wamejua, na sitakuwa tena na mahali duniani pa kukaa kimya. Nimejifunga kwenu kwa makusudi kwa sababu peke yangu nimeshindwa.

Najua nikisema nitafukuzwa. Nekesa, ile ada yako sijui itatoka wapi, unisamehe. Mama asilie mbele ya watu. Nitakuja kulima mihogo na ninyi.

Nisalimie Bibi, umwambie nakumbuka chai yake ya tangawizi. Msalimie mjomba fundi wa baiskeli, na mkewe aliyejifungua juzi, na mwalimu wangu wa darasa la nne ambaye huja kusikiliza barua. Kama yupo hapo leo, pole mwalimu, haya siyo uliyonifundisha.

Opiyo amesimama dirishani na mkoba wake. Hajui niliyoandika. Ananiuliza, mpaka leo bado ananiuliza, "Karani, wewe ndiye ulikuwa unasoma kilo. Tuambie ukweli, nani alikuwa mbele, Punda ama Twiga?" Kitabu cha siku ile ninacho. Nimemwambia sikumbuki.

Baba, nitakapofika nyumbani, kabla hujanionyesha kiti, niulize neno moja tu: ulisema? Ukiona nimeangalia chini, usinifungulie mlango.

Ni mimi mwanao,
Wandera