Njia ya Nyuma ya Madrasa

Jumatatu, 15 Septemba

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Kila siku nikitoka shule nazunguka nyuma ya madrasa, njia ndefu yenye mchanga, ili nisipite barazani kwa Bi Fatu. Si kwamba simheshimu. Pale wanakaa wazee wengi, na kila mmoja anataka shikamoo yake, kisha habari za nyumbani, za mama, za masomo. Maneno yananikwama. Naanza kuyafanyia mazoezi tangu kipindi cha mwisho na bado yanakwama. Mama anadhani napenda kutembea.

Leo nimezunguka tena. Viatu vimejaa mchanga.

Dada Somoe bado yuko kwenye majaribio pale kiwandani. Ni kiwanda kidogo cha korosho hapa Mtama, wafanyakazi wake wengi ni akina mama. Yeye anamenya lile ganda jembamba la ndani. Kazi anaipenda. Alipoipata alilala na aproni yake. Jumanne ya wiki ijayo msimamizi ataamua kama anabaki.

Jumatano, 17 Septemba

Daktari alisema Somoe ana usonji. Sisi nyumbani tulikuwa tunasema tu, Somoe yuko hivyo.

Leo amekuja mama mmoja kutoka Lindi, Bi Tunu. Anaitwa kocha wa kazini. Mimi nilidhani kocha ni wa mpira. Nilitazama kama ana filimbi. Kazi yake ni kumsaidia mtu kama Somoe akae vizuri kazini, na kuwasaidia wa kazini wakae vizuri naye. Amemhamishia meza ya ukutani, mbali na mashine. Amemwambia msimamizi, Kaka Hemedi, atoe agizo moja, lile likiisha ndipo atoe jingine. Amemwekea sahani ya korosho zilizomenywa sawasawa ili aziangalie akisahau. Vitu vidogo tu. Somoe amerudi anaimba.

Lipo tatizo moja. Somoe akiingia asubuhi anakwenda moja kwa moja mezani kwake. Hasalimii. Na Bi Fatu yuleyule wa barazani ndiye mkubwa wa akina mama pale. Amesema mbele ya watu, "Huyu mtoto ana maringo kama kaolewa na waziri!"

Nimeumia. Hayo maneno ningeweza kuambiwa mimi.

Alhamisi, 18 Septemba

Mazoezi ya salamu nyumbani. Bi Tunu amesema Somoe amsalimie kila mtu anayemkuta. Mama amekuwa Bi Fatu, amejitanda khanga na kununa. Mimi nimekuwa wafanyakazi wengine wote. Somoe ametusalimia vizuri sana, na paka naye kapata shikamoo. Tumecheka mpaka wali umeungua.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku mbaya.

Somoe aliambiwa amsalimie kila mtu anayemkuta, basi amefanya hivyohivyo. Amezunguka meza zote akimpa kila mtu mkono. Hata walio wadogo kwake kwa umri amewapa shikamoo. Kisha Bi Fatu akaenda chooni, na aliporudi Somoe akaacha kazi, akasimama, akampa shikamoo nyingine. Bi Fatu akatoka kunywa maji, akarudi, akapewa tena.

Bi Fatu akasema, "Marahaba ya tatu leo! Nikienda tena chooni si nitapewa na sadaka?"

Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Nadhani hakukusudia ubaya. Lakini Somoe hakujua wanachekea nini. Trei ikamponyoka, korosho zikatapakaa, akaziba masikio na kutoka. Amekuja peke yake kwa mguu, aproni ikiwa mwilini. Amejifunika khanga kichwani. Hajala.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumapili, 21 Septemba

Bi Tunu amekuja ingawa ni siku yake ya mapumziko. Amekaa chini kwenye mkeka, hakuharakisha. Akasema kosa ni lake, alimpa Somoe kanuni kabla ya kumuuliza. Ndipo akamuuliza mwenyewe angependa kusalimia vipi.

Somoe akasema kutoka ndani ya khanga: mara moja. Mlangoni. Wote. Mkono kifuani. Halafu kazi.

Nimeona ni jambo zuri kuliko yote niliyosikia wiki hii. Ningelipata mimi ningefurahi.

Jumatatu, 22 Septemba

Bi Fatu amekataa. Bi Tunu alimfuata leo kiwandani, akamweleza kwa adabu. Jibu lilikuwa, "Salamu si tangazo la redio, mwanangu. Mtu ananiona mimi au hanioni."

Kaka Hemedi anampenda Somoe, ila hawezi kugombana na akina mama wote. Kesho ndiyo siku yenyewe. Mama anafagia uani palepale alipokwisha kufagia.

Jioni nimefanya jambo. Nimepita njia ya mbele.

Bi Fatu alikuwa peke yake barazani, anapepeta mchele. Mungu amenisaidia. Shikamoo imetoka kama panya anayebanwa mlangoni. Kisha nikayasema yote bila kupumua. Kwamba mimi ndiye ninayezunguka. Kwamba si dharau, ni hofu. Kwamba Somoe naye hadharau.

Akaweka ungo chini.

"Kumbe ni wewe unayepita nyuma ya madrasa? Mimi nilisema mjukuu wa watu ana mchumba huko!"

Akacheka mpaka khanga ikamteleza. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Unaniogopa mimi?"

Nikasema ndiyo, bibi.

Akachukua ungo, akaendelea kupepeta. Hakusema lolote kuhusu Somoe. Nimeondoka, sijui kama nimesaidia au nimeharibu.

Jumanne, 23 Septemba

Shuleni sikusikia hata neno moja la jiografia.

Nimekimbia mpaka nyumbani. Somoe alikuwa kizingitini, anakula embe bichi na chumvi. Nimemuuliza imekuwaje. Akasema, "Wameitika." Akaendelea na embe.

Mengine amenisimulia Bi Tunu. Somoe alisimama mlangoni, mkono kifuani, akasema shikamooni. Akina mama wote wakamtazama Bi Fatu. Bi Fatu akamaliza kwanza korosho iliyokuwa mkononi. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Haya, kaa, kazi inakungoja." Wengine wote wakaitikia. Na baadaye Bi Fatu aliporudi kutoka chooni akamwahi Somoe kwa sauti: "Usiinuke! Ni mimi yuleyule!"

Somoe akacheka. Wakacheka wote, naye safari hii alijua wanachekea nini.

Anabaki. Kaka Hemedi amesema hivyo mbele ya watu wote. Mama amepika pilau katikati ya wiki.

Bi Tunu ananitazama kama anajua jambo. Ameniambia nikitaka kuongea naye siku yoyote, anasikiliza. Nimesema nitafikiri. Nadhani nataka.

Alhamisi, 25 Septemba

Somoe amekwenda kazini kama kawaida. Aproni ameifua mwenyewe.

Nilipotoka shule nilisimama kidogo pale njia zinapogawanyika. Kisha nikapita ya mbele. Wazee walikuwa wamejaa barazani. Nikaweka mkono kifuani, nikasema shikamooni, mara moja. Bi Fatu akaitikia wa kwanza, wengine wakafuata. Hakuna aliyeniuliza kuhusu masomo.

Nikaja nyumbani. Nikavua viatu, nikamenya mihogo, nikakaa kusoma.