Marufuku Kutoegesha

Jumatatu, 3 Machi

Gari la mama mkwe limekamatwa. Haya, nimeandika. Sasa tunajua wawili, mimi na daftari.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe yuko kwa mwanawe mkubwa, wiki ya tatu hii. Aliniachia ufunguo na agizo moja: liwashe kila asubuhi lisije likalala. Leo mvua, nami nina insha za madarasa mawili kwapani. Nikaliwasha. Likawaka vizuri. Yaliyofuata sijui hata yalianzaje — nilistukia niko barabarani.

Nikaegesha kando ya posta, nikaingia kununua kalamu nyekundu. Kutoka — hamna gari! Doa la oili tu. Fundi viatu wa pale akaniambia limevutwa na lori, pua juu kama bwana mkubwa.

Na kibao nilikisoma! NI MARUFUKU KUTOEGESHA GARI HAPA. Nilicheka peke yangu. Miaka ishirini na sita nafundisha Kiswahili: hiyo "-to-" ni ya kukanusha. Kwa hiyo asiyeegesha ndiye mkosaji. Mimi raia mwema, nikatii.

Insha zote zimo kiti cha nyuma.

Jumanne, 4 Machi

Yadi ya magari yaliyokamatwa. Karani ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba na subira ya kutosha. Nikamfafanulia ukanushi, na mifano juu. Akanisikiliza hadi mwisho, masikini, kisha akauliza: kwani mwalimu ulidhani siku hizi kuegesha ni lazima? Foleni nzima ikaangua kicheko. Nyuma yangu mtu akasema huyu mwacheni, amesoma.

Nikashikilia kwamba sheria ni maneno. Karani akasema basi mwandikie mkuu wa yadi barua. Barua! Ni kumtishia samaki kwa maji. Nimeandika kurasa tatu, na tanbihi mbili.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kauliza gari la mama liko wapi. Nikasema limepumzika. Wapi? Nikasema mahali, pamoja na wenzake.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akanikazia macho: "Baba watoto, mama anarudi Jumamosi."

Kanitoza ahadi. Mpaka gari litoke, nisimsahihishe mtu yoyote. "Mtu yoyote," kasema hivyo hivyo. Nikameza mate. Yeyote, mke wangu, yeyote — lakini nimemeza.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu wa yadi kanipokea kwa mikono miwili! Barua safi sana, mwalimu. Kibao kile kina miaka minane pale na hakuna aliyegundua. Ameisoma mbele ya wafanyakazi wote. Nilijikunja kwa haya, lakini si sana.

Na gari?

Akashangaa. Gari vipi tena? Fundi rangi ameshatumwa, kibao sasa hakina utata, na wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Faini iko palepale, na gari hutolewa kwa mwenye gari tu, atie sahihi mbele ya karani.

Nimepitia posta. Rangi bado mbichi. NI MARUFUKU KUEGESHA GARI HAPA. Herufi zimenyooka, hadi nukta ya mwisho ipo. Ushahidi wangu wote nimeufuta kwa kalamu yangu mwenyewe. Mdomo uliponza kichwa. Mimi nimeponzwa na tanbihi.

Ijumaa, 7 Machi

Somo la leo: ukanushi. Sikuchagua, ni mtaala. Wanafunzi wakauliza insha zetu ziko wapi. Nikasema ziko kizuizini. Wakadhani ni tamathali ya usemi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia kwenye benchi la yadi, daftari magotini.

Tumempokea mama mkwe stesheni kwa teksi. Akaangaza huku, akaangaza kule. "Mkwe wangu, gari liko wapi?" Nikasema yote, kabla mizigo haijafika kwenye buti. Ndani ya teksi akanigeukia.

"Nilikwambia uliwashe."

"Ndiyo, Mama."

"Kuwasha ni kuendesha?"

"Hapana, Mama."

"Na wewe ndiye wanayekulipa kwa lugha!"

Sasa yuko dirishani, hatua tatu kutoka hapa. Karani kampa fomu. Amemwonya ajaze taratibu: alama ikishawekwa haifutwi. Gari likionekana lilitumiwa bila ruhusa, hilo si la yadi tena, ni la polisi, pamoja na dereva.

Swali la nne naliona hadi hapa. "Je, hukumruhusu dereva huyu kulitumia gari lako? NDIYO / HAPANA."

Hukumruhusu! Nani anaandika fomu hizi? Akiweka Ndiyo: ndiyo, sikumruhusu — nimekwisha. Akiweka Hapana: hapana, nilimruhusu — twende nyumbani. Lakini mtu mwema, mwenye haraka, anayetaka kumwokoa mkwewe, mkono utamwendea wapi? Kwenye Ndiyo!

Nimeinuka nusu. Mke wangu kanishika shati. "Uliahidi."

Mama mkwe kavaa miwani. Anasoma, midomo inacheza. "Hili mbona rahisi," anamwambia karani. Kalamu inashuka upande wa Ndiyo. Sijui kama amelisoma vibaya, au amelisoma vizuri kuliko sisi sote.

Nimekohoa. Kikohozi tu, si sahihisho.

Kalamu imesimama hewani. Anageuka, ananitazama juu ya miwani.

"Mwalimu," anasema — leo si mkwe wangu — "kuna kosa?"