Mdomo wa Shangazi Umeingia Darasani

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba uwahi, maana Ijumaa haiko mbali na roho yangu iko juu juu. Mimi ni binti kiziwi tangu nina miaka minne, nimelelewa na shangazi yangu, dobi wa hospitali, na sasa nasoma kompyuta kwenye darasa la viziwi na wenye usikivu hafifu, miaka miwili tunafundishwa kwa lugha ya ishara, halafu tukifaulu tunaingia mwaka wa tatu wa digrii chuo kikuu pamoja na wanaosikia, na mimi nimefaulu, mshauri, tena vizuri, tatizo si hilo. Tatizo ni kwamba maneno mengi ya kompyuta hayakuwa na ishara, tukawa tunayaandika hewani herufi moja moja, h-i-t-i-l-a-f-u, mpaka vidole vinakufa ganzi, ndipo mwalimu akasema kila mmoja alete ishara yake, na mimi kwa hilo la hitilafu, bila kufikiri, nikafanya vile anavyofanya shangazi akikuta shuka limefuliwa na doa bado lipo: analinyanyua kwa vidole viwili kama kashika mkia wa panya, na mdomo anaupinda upande. Darasa lilicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini, na tangu hapo programu ikigoma kila mtu ananyanyua vidole na kupinda mdomo, mwalimu naye, mkuu wa chuo naye, wameirekodi hata kwenye video za wanafunzi wapya, na ishara yenyewe tunaiita "Shangazi". Sasa Ijumaa ni siku ya wazazi, shangazi anakuja na wenzake wawili wa kazini, na havumilii mtu kuigizwa, kuna fundi viatu alichezesha mikono kunikejeli, jirani akanisimulia shangazi alivyomwambia, "Rudia tena, utashona viatu kwa meno!" Nikimwambia atakataa kuja, nisipomwambia ataona ukumbi mzima unampindia midomo. Nifanyeje?

Mimi, Vidole Vyepesi

JIBU

Binti yangu, umenichekesha mpaka chai imenipalia. Sasa ngoja nikugombeze. Miezi yote hiyo unamficha mtu aliyekulea jambo linalomhusu, unangoja alione mbele ya wageni? Mficha uchi hazai. Yule fundi alikuigiza ili akudogoshe. Ninyi mmemwiga shangazi kwa kuwa hamkuona mtu anayejua kosa kuliko yeye. Hizo ni habari mbili, na usipomweleza wewe, atazichanganya. Leo hii akitoka kazini, akishavua viatu, mkalishe. Fungua kompyuta, mwonyeshe programu iliyogoma, kisha fanya ile ishara mbele ya macho yake. Usicheke kabla yake.

Nilikutumia maneno hayo kwa ujumbe wa simu Jumanne, kwa kuwa gazeti hutoka Jumapili. Jana umeniandikia yaliyotokea, na wasomaji wangu hawatanisamehe nisipowaambia.

Shangazi alikutazama mpaka mwisho. Akakuomba urudie. Ukarudia. Kisha akakushika kidevu, akakusogeza mdomo kwa kidole. "Mnakosea," akakuambia kwa ishara zenu za jikoni, mlizojitungia wenyewe. "Mdomo unakwenda kushoto." Ijumaa akapanda jukwaani bila kuitwa, akamsahihisha mwalimu, akamsahihisha na mkuu wa chuo, na wenzake wa kufulia wakaapa mbele ya wote kwamba ndivyo alivyo kila siku ya Mungu. Ukumbi mzima ukainua mikono juu na kuitikisa, kama mnavyoshangilia ninyi, naye akasimama pale katikati akilia na kucheka.

Hongera, mwanangu. Ila kazi haijaisha. Chuo kikuu kaa safu ya mbele, mkalimani wa ishara akae mahali unapomwona yeye na ubao kwa pamoja, na neno likikupita inua mkono, usione haya. Halafu umeniandikia kwa haraka, pale chini kabisa, kwamba shangazi ameuliza mara mbili darasa la lugha ya ishara la Jumamosi linaanza saa ngapi. Mara mbili! Mwandikishe kesho asubuhi, na Jumamosi umpeleke mwenyewe.