Mshale Uliobaki Katikati

Gereji, uani kwa Baba,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

U hali gani huko uliko? Kifua je, kimepona? Ulisema baridi inakutesa. Sisi huku wazima. Shangazi goti linamsumbua, lakini mdomo wake mzima kabisa. Baba naye mzima, tena mzima kuliko tulivyodhani, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Uliniagiza nitengeneze umeme wa dashbodi kwenye gari la zamani la Baba, ili ukija na mchumba wako mlipande hilo. Nimetengeneza. Ahsante kwa kukumbuka kwamba mimi ni fundi. Zamani ulikuwa ukisema nachezea nyaya.

Taa hazikunisumbua sana. Ukiwasha indiketa, taa za dashbodi zinafifia na mshale wa mafuta unarukaruka. Nikabadili fyuzi, bure. Nikabadili balbu, bure tena. Kumbe waya wa hasi, pale ulipofungwa kwenye bodi, umeliwa na kutu. Nikapasugua kwa msasa, nikaukaza, taa zikawaka zote na mshale ukatulia. Nikajisifu mwenyewe, maana humu ndani hakuna wa kunisifu.

Ikabaki geji ya joto. Injini ya baridi, haijawashwa, lakini nikifungua swichi tu mshale unapanda mpaka katikati na kukaa. Nikachomoa ule waya unaotoka kwenye injini kuipelekea geji habari ya joto. Mshale ulitakiwa ushuke. Wapi! Umekaa palepale kama mgeni aliyeshiba. Nikalala chali chini ya usukani, tochi mdomoni, nikaufuata waya.

Umekatwa, Kaka. Nyuma ya geji umekatwa, na mahali pake kuna kipande kingine chenye rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, kimeungwa kwenye bodi, ili mshale usome katikati hata injini ikiungua. Na kiungo hakikufungwa kwa utepe wa umeme. Kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ukapigwa fundo. Nani katika nyumba hii alikuwa akisema utepe ni wa mafundi wavivu? Hata redio yetu uliifunga hivyo hivyo.

Usihangaike kunieleza. Ulikuwa ukilichukua gari kwa siri Baba akiwa kazini, rejeta inavuja, ukaogopa akiona joto limepanda atakuuliza. Ukaiziba geji mdomo. Baba akaendesha kwenda kumzika rafiki yake, injini ikachemka mpaka ikanoki njiani, na alipofungua rejeta mvuke ukamuunguza mkono. Fundi wa injini aliifufua baadaye, lakini dashbodi hakuigusa, na gari likabaki uani.

Unakikumbuka kile kikao sebuleni? Baba na bendeji yake, anarudia neno moja tu: "Mshale ulikuwa katikati." Nawe, mwanawe wa kwanza, ukasimama na sauti yako ya asali: "Baba, kubali tu, macho yamekwisha." Shangazi akamnyang'anya funguo huku analia. Wewe ukaenda jikoni kula. Ulikula vizuri siku ile.

Na Baba alikuamini, unajua hilo? Fundi cherehani mzima, aliyekuwa anatia uzi kwenye sindano huku anapiga soga na wateja, akairudisha suti aliyokuwa ameshaikata nusu, akaifunika cherehani shuka. Akawa ananiita nimsomee jina la sabuni. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, akaambiwa macho yake hayana neno kwa umri wake. Akatoka pale ananiambia, "Daktari ananionea huruma. Mwanangu hawezi kunidanganya." Mwana mwenyewe ndiye wewe, laana tupu.

Jana nilimwekea kile kipande cha waya mkononi. Akakigeuza, akalivuta fundo, akasema, "Hii kazi ya kaka yako." Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa naona." Akalia, Kaka. Mzee mzima, ana kwikwi kama mtoto. Nakuandikia haya kwa makusudi, maana sitaki ulale usingizi mzuri.

Haya, tuje kwenye ombi lako. Ulitaka Baba akusimamie, aende kwa wakwe zako akakuombee mke, kwa kuwa bila baba mzazi hawatakusikiliza. Nilimsomea sehemu hiyo ya barua yako taratibu, na sikuruka neno. Hakukasirika. Alisema hivi, nami nakuletea kama nilivyopewa: "Mwambie atafute mzee anayeona."

Nikamwambia Baba, atakosa mke huyu. Akasema, "Ndiyo."

Shangazi nimemsimulia yote. Anakusalimu, na anasema ukija usifikie kwake. Mjomba anakusalimu pia, yeye bado hajui, nitamwambia kesho nikiwa na nafasi. Mpe pole mchumba wako. Nasikia ni mtu mwema. Nilimwuliza Baba kama ana salamu zozote za kukutumia, akasema nisimsemeshe, anatia uzi.

Mungu akujalie maisha marefu na watoto wengi, na wote wafanane na wewe.

Dada yako akupendaye, kwa kuwa sina kaka mwingine.