Siku ya Kwanza Mlikula Nini? Kwa Mama Yetu, Mwalimu Jerusa Adoyo

Mama, mwaka umezunguka tangu ulale na usiamke, na ukungu wa Chepilat bado unaingia jikoni asubuhi bila kubisha hodi. Kuna siku tunakuona kabisa: leso mabegani, kikombe mkononi, unatazama majani chai yakijitokeza polepole, mstari mmoja na mwingine. Tukiita, hakuna mtu.

Ulikuwa mpole, lakini si sana. Ulitugombeza kwa Kiswahili, ukatuombea kwa Dholuo, na sokoni ukapatana bei kwa Kipsigis cha kubahatisha. Jumapili jioni ulipiga pasi sare za shule, hata za watoto wasio wako.

Wengi wanakukumbuka kwa mwaka ule wa wasiwasi, majirani walipoanza kuulizana walikotoka. Darasani kwako watoto walijitenga, Wakipsigis huku, Wakisii kule, Waluo wa ziwani pembeni, madawati ya katikati yakabaki matupu. Ukafunga kitabu. "Leo hakuna kuandika. Nendeni mkawaulize wazee wenu: siku ya kwanza kufika hapa mlikula nini, na nani aliwapa?"

Kesho yake wakaanza kusimulia, madirisha yote meupe kwa ukungu. Karibu kila chakula kilikuwa kimetoka nyumba ya mtu mwingine. Ratemo, mtoto wa Kikisii, akasema babu yake alipewa maharagwe na nyanya ya Chepkosgei, msichana wa Kipsigis. Ajuza huyo alipopata habari akaja mwenyewe na fimbo, akasimama mlangoni. "Maharagwe? Nani amesema maharagwe? Nilimpa malenge, na akaomba tena!" Darasa likaangua kicheko, hata wale waliokuwa hawasalimiani. Tangu hapo Ijumaa zikawa za wazee, na madawati ya katikati yakajaa.

Lakini sisi wa nyumbani, aibu yetu, hatukuwahi kukuuliza wewe.

Tulipokuzika hapa nyuma ya nyumba, Baba alisema hawezi kukaa. Nyumba ni kimya mno, bora arudi ziwani kwa nduguye. Tulimsihi, wapi! Alingoja tu maombi ya mwaka yapite. Tuliumia, Mama. Tuliona kama unaachwa peke yako, na wapangaji wageni wataanika nguo zao karibu na kaburi lako.

Jumamosi iliyopita, baada ya maombi, Chemutai, mwanafunzi wako wa mwaka ule, akasimama. Akasema nawe pia ulisimulia darasani siku yako ya kwanza. Ulifika ukiwa bibi harusi, Baba yuko zamu kiwandani, mlango umefungwa, na ukungu mzito hata miguu yako huioni. Ukakalia sanduku lako, ukalia, ukaapa kurudi kwenu na basi la mchana. Mama mmoja akatokea kwenye majani chai, kikapu mgongoni. Hukujua lugha yake, naye hakujua yako. Akakupa viazi vya moto na maziwa ya mursik, akakaa nawe bila neno mpaka jua likapenya ukungu. Basi lilipita ukiwa bado unakula.

Baba akasema, "Miaka thelathini na minane nimedhani alibaki kwa ajili yangu. Kumbe ni viazi!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akalia kweli, nasi tukalia naye. Hatukuwa tumemwona akilia tangu tukuzike.

Jumatatu alimpigia nduguye simu. Tulimsikia kutoka sebuleni. "Msinitayarishie chumba," alisema. "Mke wangu yuko huku."

Unakumbukwa na mumeo Oyugi. Wanao Akello, Jairus na Molly. Wakwe zako na wajukuu wako. Majirani wa Chepilat. Na watoto wote waliopita darasani kwako.

Siku zote utakuwa mioyoni mwetu, Mama, na tutakukumbukia hapa hapa.