Mlevi wa Maji

Wewe, acha unachofanya usome hii.

Dada anaumwa kweli. KWELI! Picha ya ubongo ya MRI ya mwaka jana ilitoka safi, nasi nyumbani tukamwita mvivu. Leo wametumia kipimo kipya kinachopima hadi utando unaofunika neva. Daktari akasema mwili wake unajishambulia wenyewe. "Utando umechunika, kama waya uliobanduka plastiki."

Dada hakulia, akacheka! "Kumbe si uvivu, eti."

Daktari akamuuliza mwendo wake ulianza kubadilika lini. Dada akaninyooshea kidole: "Muulize huyu mdogo wangu, ndiye anayeniigiza."

Unakumbuka nilivyokuwa nikimwigiza, "Mlevi wa Maji", mpaka unashika mbavu? Basi daktari akaniambia nisimame nimwonyeshe.

Nikatembea kama dada wa Januari, akijikwaa kidogo tu. Nikatembea kama dada wa Aprili, akishika ukuta. Nikaburuta mguu wa juzi. Daktari anaandika. Hakuna aliyecheka, mwenzangu. Hakuna.

Dada akanishika mkono. "Kumbe wewe peke yako ndiye uliyekuwa unaniangalia."

Sasa namwambiaje kuwa nilikuwa namwangalia ili niwachekeshe ninyi?